Kuomba Korasi

Fungua daftari la mwimbishaji yeyote wa kwaya, lile ambalo jalada lake limelainika kwa jasho la viganja, utaona namna wimbo unavyotunzwa na watu wasio na karatasi za kuchezea. Ubeti wa kwanza umeandikwa wote, herufi zimesimama wima. Chini yake kiitikio, nacho kimeandikwa kikamilifu na kupigiwa mstari. Kisha unakuja ubeti wa pili, na mahali pa kiitikio pana herufi tatu tu: Kor. Ubeti wa tatu: Kor. Kufika ubeti wa tano hata herufi tatu zimeonekana nyingi. Imebaki K na nukta yake. Mgeni akilisoma daftari hilo atadhani kiitikio ndicho kitu kidogo kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kilichopewa wino kidogo. Kumbe beti zinaandikwa kwa sababu zinasahaulika. Daftari likipotea, beti zitapotea nalo, na mwimbishaji atakaa barazani akikuna kichwa, akichanganya ubeti wa pili na wa nne. Kiitikio hakitapotea. Kitakuwa kwa mama anayepeta mchele uani, kwa kijana anayesukuma mkokoteni, kwa mtoto asiyejua hata maana ya nusu ya maneno anayoyaimba. Maneno ya mmoja hulindwa na wino; maneno ya wengi hulindwa na wengi.

Alama hiyo ya mkato ina ndugu yake wa zamani. Mtunzi wa Kigiriki Menander alishinda tuzo mwaka 316 K.K. kwa komedia yake Dyskolos, kisa cha mzee mkorofi asiyetaka kuonana na mtu. Kwa karne nyingi tamthilia hiyo ilijulikana kwa vipande tu, mpaka papiri iliyotoka Misri ilipochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kati ya sehemu na sehemu, mnakili ameandika neno moja: khorou, yaani hapa ni pa korasi. Basi. Hakuna hata mshororo mmoja wa kilichoimbwa. Watu waliingia, wakacheza, wakaimba, wakatoka, na aliyeandika hakuona haja ya kutuambia walisema nini, kwa kuwa wakati huo korasi ilikwishasukumwa kando ya kisa, ikawa burudani ya kujaza nafasi mhusika akipumua. Daftari la kwaya na papiri vinafanana machoni: vyote viwili vina pengo mahali pa wengi. Lakini pengo moja limeachwa kwa imani, na lingine kwa kupuuza. La kwanza linasema, hawa wanajua, hawahitaji kuandikiwa. La pili linasema, hawa wana neno gani la kuandikwa? Nami kila nikikutana na nafasi iliyoachiwa umma, iwe kwenye wimbo, kwenye hotuba au kwenye sheria, hujiuliza ni pengo la aina gani kati ya hayo mawili.

Korasi haikuanza kama pengo, wala haikuanza kama maneno. Khoros ya Wagiriki wa kale ilikuwa ngoma, na ilikuwa pia ule uwanja wa kuichezea. Katika Iliad ya Homer, mungu mhunzi anapoichora ngao ya Achilles, anachora humo khoros inayofanana na ile ambayo Daedalus aliitengeneza huko Knossos kwa ajili ya Ariadne, na vijana wanaicheza wameshikana mikono. Udongo uliokanyagwa ulikuja kwanza, miguu ikafuata, koo likaja baadaye. Mtu wa pwani hashangazwi na jambo hilo, maana kwake ngoma ni kile kilichowambwa ngozi, ni mchezo wenyewe, na ni usiku mzima wa watu kukusanyika. Kutoka hapo neno likaanza safari. Kilatini kililichukua, makanisa ya Ulaya yakaliita kwa jina hilo kundi la waimbaji na ile sehemu ya jengo walimokaa, Waingereza wa enzi ya Shakespeare wakampa jina hilo mtu mmoja tu anayesimama jukwaani kuwasimulia watazamaji, kama inavyoonekana katika Henry V ya mwaka 1599 hivi, na mwishowe likawa jina la ile mistari inayorudi baada ya kila ubeti. Likatufikia sisi kwa milango miwili: kwaya ikaingia kanisani, korasi ikaingia studio. Neno lililoanzia kwenye nyayo likapanda kooni, likakaa kwenye viti vya kanisa, likaishia kuwa mistari minne kwenye karatasi.

Nataka kulirudisha kidogo nyuma, Athens ya karne ya tano K.K., kwa sababu kulikuwa na msemo huko ambao haunitoki akilini. Mtunzi wa tamthilia hakuanza kwa kutafuta mwigizaji nyota. Alikwenda kwa mtawala wa mwaka huo, akaomba korasi. Ndivyo ilivyosemwa, kuomba korasi. Na mtawala akikubali, ilisemwa amempa korasi. Tamthilia nzima, na wafalme wake, na miungu yake, na maiti zake, iliitwa kwa jina la wale waitikiaji. Raia tajiri aliteuliwa kubeba gharama za mazoezi, mavazi na mwalimu. Aeschylus alipoonyesha Waajemi mwaka 472 K.K., mgharimiaji alikuwa Pericles, kijana ambaye baadaye angekuja kuuongoza mji. Waitikiaji wa tanzia walikuwa 12, Sophocles akawaongeza hadi 15. Wa komedia walikuwa 24. Na katika mashindano ya nyimbo za kumsifu Dionysus, kila moja ya makabila 10 ya mji ilileta wanaume 50 na wavulana 50, jumla watu 1,000 katika sikukuu moja. Hawa walikuwa raia, wana wa majirani. Kwa hiyo waliokaa kwenye mteremko wa kilima kutazama, wengi wao walikuwa wamewahi kusimama pale chini, wakaujua uzito wa kinyago na ugumu wa kuvuta pumzi pamoja na wenzao. Mtazamaji alikuwa mwitikiaji aliyepumzika.

Kinyago hicho kilikuwa na kazi ya ajabu. Raia huru, mwenye kura na mkuki, akiingia kwenye korasi mara nyingi alivaa sura ya mtu asiye na kura wala mkuki: mzee aliyebaki nyumbani wengine wakienda vitani, mjakazi, mgeni, mateka. Majira ya baridi ya kuelekea mwaka 415 K.K., jeshi la Athens lilikiteka kisiwa cha Melos, likawaua wanaume, likawauza wanawake na watoto utumwani. Miezi michache baadaye, kwenye sikukuu ya masika, Euripides alionyesha Wanawake wa Troy. Korasi yake ni wanawake wa mji ulioanguka, wanaosubiri kuambiwa kila mmoja amepewa bwana gani. Waliokuwa ndani ya vinyago hivyo walikuwa wanaume wa Athens. Koo zilezile ambazo zingeweza kupiga kelele za ushindi zilipewa kilio cha walioshindwa, zikakifanyia mazoezi kwa majuma mengi, zikakiimba mbele ya mji mzima. Euripides aliambulia nafasi ya pili, na meli za vita hazikusimama. Mwaka uleule Athens ilituma jeshi kubwa kwenda Sisilia. Sidai kwamba wimbo huzuia vita. Ninasema tu kwamba kulikuwa na mji ulioona ni sehemu ya malezi ya raia kumlazimisha aimbe, walau mara moja, kwa sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe amemtenda.

Lakini wengi nao wana udhaifu wao, na Wagiriki hawakuuficha. Katika Agamemnon ya Aeschylus, iliyochezwa mwaka 458 K.K., korasi ni wazee 12 wa mji wa Argos. Kwa muda mrefu wamesema kwa sauti moja, sauti nzito, yenye kumbukumbu na hekima. Kisha ndani ya jumba mfalme anapiga kelele kwamba amechomwa. Hapo ndipo sauti moja inapopasuka vipande 12. Kila mzee anasema mistari yake miwili: huyu anataka mji uitwe, yule anataka mlango uvunjwe sasa hivi, mwingine anauliza kwanza kama wana hakika, mwingine anasema kukisia si kujua. Wanapomaliza zamu zao, milango inafunguliwa na malkia amesimama juu ya maiti. Kidole kimoja hakivunji chawa, tumefundishwa. Lakini vidole kumi na viwili vinavyobishana navyo havimvunji. Ukali wa mahali hapo ni kwamba umoja wa kuimba na umoja wa kutenda ni vitu viwili. Watu wanaweza kuitikia pamoja miaka na miaka, wakadhani wamekuwa kitu kimoja, mpaka siku mlango mmoja unapotakiwa kuvunjwa.

Kwetu, washairi wana majina kadhaa kwa ule mshororo unaorudi mwisho wa kila ubeti. Wengine huuita kiitikio, wengine kibwagizo, wengine kipokeo. Ukiyaweka majina hayo kando kwa kando unapata tendo zima: mmoja anabwaga, mwingine anapokea, na mzigo haugusi chini. Mshairi anaweza kuzurura atakavyo katika mishororo mitatu ya kwanza, apande bara, ashuke pwani, ataje vita na mahaba, mwisho atarudi palepale. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na nje ya ushairi, lugha yenyewe imejaa milango inayofunguliwa na wawili. Anayebisha hodi haingii mpaka asikie karibu. Mtega kitendawili hategi mpaka aambiwe tega. Bibi anayesema paukwa hana hadithi mpaka wajukuu waseme pakawa, na ile pakawa ikija kwa uvivu, nusu yake ikimezwa na miayo, bibi mwenye busara huifunga hadithi yake akaihifadhi hadi kesho. Hii ndiyo tofauti ninayoitafuta. Pakawa ya wajukuu ni fupi, ni ileile kila usiku, wala haina maana unayoweza kuikamata. Hata hivyo ina mamlaka: bila hiyo, mwenye hadithi amenyamazishwa.

Mamlaka hayo huonekana zaidi mahali ambapo mwili unashiriki. Katika maulidi ya homu huko Zanzibar, wanaume hukaa safu kwa magoti, wakiyumba pamoja na matari, na sauti inayoanza husubiri miili ijibu kabla haijaendelea. Katika mashamba ya Usukumani, bugobogobo huwapanga walimaji mstari mmoja, ngoma ikigonga, majembe yakipanda na kushuka kwa mpigo. Hapo itikio ni jembe lenyewe, na asiyeitikia huonekana, maana ardhi ya mbele yake haijageuzwa. Harambee nayo, kabla Kenyatta wa Kenya hajaifanya wito wa taifa mwaka 1963, ilikuwa sauti ya watu wanaonyanyua kitu kizito: mmoja anaita, wengine wanatia nguvu kwenye jibu. Wimbo wa kazi haudanganyi. Huwezi kuuitikia kwa mdomo mikono ikiwa mfukoni, kwa sababu gogo litakuumbua. Na Wasukuma hao hao, katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, huchezesha pande zote mbili kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, na ushindi huenda kwa upande uliovuta watu wengi zaidi. Hakuna jopo la majaji lenye kalamu na alama. Watazamaji wanapiga kura kwa kuondoka walipo.

Nenda sasa kwenye ukumbi wa taarabu. Nyuma ya mwimbaji wamekaa waitikiaji, wamevaa sare, wanasubiri zamu yao. Lakini waitikiaji wa kweli wako kwenye viti vya mbele. Mwimbaji anafika kwenye mshororo fulani, fumbo lililotiwa sukari juu na pilipili chini, na mwanamke mmoja anainuka. Noti ameinyanyua juu. Hana haraka. Anapita mahali ambapo lazima apite ili aonekane na anayetakiwa kumwona, anakwenda kutuza, anarudi akiuimba mshororo ule kana kwamba ameutunga yeye usiku wa jana. Mcheza kwao hutuzwa, ndiyo; lakini anayetuza naye amecheza. Shairi liliandikwa na mtu wa kwanza, likatiwa sauti na wa pili, likaitikiwa na safu ya tatu, na mwenye nalo sasa ni mtu wa nne. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliufahamu mgawanyo huo wa umiliki kabla ya wengi. Sahani zake za santuri, alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, zilienea pwani nzima, na wimbo wake juu ya mtu aitwaye Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke na kesi ambayo mashahidi ndio waliogeuziwa kibao. Mahakama ya kikoloni ilikwishasema lake. Waliourudia wimbo huo vichochoroni wakawa mahakama ya pili, na hukumu yao imeishi kuliko ile ya kwanza.

Ikiwa itikio lina nguvu kiasi hicho, si ajabu kwamba wenye nguvu wamelitamani. Septemba 1984, akirejea kutoka Addis Ababa, Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka mawaziri, wasaidizi wao na watu wengine wote waimbe kama kasuku. Alieleza kwamba zama za Kenyatta yeye mwenyewe aliuimba wimbo wa Kenyatta bila kuongeza wake, na sasa ilikuwa zamu ya wengine kuufuata wa kwake. Upande wetu wa mpaka, huku Tanzania, kumbi za chama zilizoea kusikia fikra sahihi za Mwenyekiti zikiombewa zidumu, na ukumbi ukijibu zidumu, hata kabla Mwenyekiti hajafikiri chochote siku hiyo. Sitaki kuwacheka waliojibu. Wengine walijibu kwa mapenzi, wengine kwa mazoea, wengine kwa kuangalia kama jirani amejibu. Kutoka nje huwezi kuwatofautisha, na hilo ndilo tatizo la itikio lisiloweza kukataliwa: hata upendo uliomo ndani yake haujulikani tena. Kasuku ni ndege mwenye kipaji; sauti yake ni safi, kumbukumbu yake haina doa. Anachokosa ni uwezo wa kunyamaza kwa makusudi. Kiongozi aliyezungukwa na kasuku huisikia sauti yake ikirudi kila upande, akaiita umma, na siku umma wenyewe unapoanza kusema anadhani ni kelele.

Miaka saba kabla ya hotuba hiyo, nje kidogo ya Limuru, palikuwa na korasi ya namna nyingine. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, wengi wao vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani, walijenga kwa mikono yao jukwaa lisilo na paa, wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wapita njia walisimama, wakasikiliza, wakasema kibarua hasemi hivyo, wimbo huo hauimbwi hivyo, bibi yangu aliuimba hivi. Waandishi wakafuta, wakaandika upya. Maonyesho yalianza Oktoba 1977, na katikati ya Novemba leseni ikaondolewa. Desemba ikiisha, Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1982 kikundi kilipojaribu tena kwa Maitũ Njugĩra, mchezo wa nyimbo, kilizuiwa, na lile jukwaa likabomolewa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekwisha kuandika riwaya za Kiingereza zilizoisema nchi bila huruma, na hazikumpeleka gerezani. Kilichoogopwa Limuru hakikuwa kitabu. Kilikuwa watu waliogundua kwamba anayeitikia anaweza kumsahihisha anayeanzisha.

Hata hivyo nisimfanye mwitikiaji malaika. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alituonyesha upande wa pili. Mtu mmoja anatoka mtoni na neno: maji. Watu waliochoshwa na viboko na pamba ya Mjerumani wanalipokea, na wakilipokea linakua. Yeye anataka kusubiri. Wao hawataki kusubiri. Neno limehama kutoka kwa aliyelisema, limekwenda kukaa kwa walioliitikia, na huko limepata sura ambayo mwenyewe anaiogopa. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa alikane, naye hawezi, kwa kuwa si lake tena la kulikana. Kila mtunzi wa kiitikio anapaswa kuisoma tamthilia hiyo kabla ya kulala. Ukishawapa watu mshororo wa kurudia, huwezi kuwaendea tena na ufafanuzi. Wataurudia kwa maana yao. Mjadala unahitaji muda na maneno mengi. Kiitikio kinahitaji pumzi moja, na kwenye pumzi moja hakuna nafasi ya lakini. Ndiyo maana watu wanaopenda kufikiri huwa na mashaka na umati unaoimba. Nami nina mashaka hayo, na nimewahi kuimba ndani ya umati huo, na sijaweza kuamua ni yupi kati yetu wawili aliyekuwa timamu zaidi.

Siku hizi korasi imekuwa kazi ya mtaalamu. Kijana wa bongo fleva akiwa na mashairi makali lakini hana sauti ya kuvuta, humtafuta mwenye koo tamu amshirikishe, na mara nyingi ni korasi hiyo ndiyo itakayoubeba wimbo redioni. Studio hazihitaji kundi. Mwimbaji mmoja anaingia kwenye chumba kilichotandikwa magodoro ukutani, anaimba mistari minne, anairudia juu kidogo, anairudia chini kidogo, na mtayarishaji anazipanga sauti hizo tabaka juu ya tabaka mpaka zinasikika kama kijiji. Waingereza wa enzi ya Shakespeare waliipunguza korasi ikawa mtu mmoja na hawakuficha. Sisi tumempanua mtu mmoja akawa korasi, na sikio halishtuki. Silalamiki, nyimbo hizo nazipenda, na zikipigwa harusini ukumbi mzima huzidaka, kijiji cha bandia kikageuka kuwa cha kweli kwa dakika tatu. Lakini kuna jambo limebadilika katika mpangilio wa mambo. Zamani mwenye wimbo alilazimika kutafuta watu ndipo wimbo uwepo. Leo wimbo huja ukiwa tayari umekwishajijibu wenyewe, na sisi tunakaribishwa kuungana na jibu lililokwishatolewa. Siasa nazo zimeujifunza ufundi huo. Umati unaweza kukodiwa, kupakiwa kwenye malori na kuvalishwa fulana. Makofi yanaweza kupangwa. Na wingi wa majina yanayosifu kitu mtandaoni unaweza kuwa kidole kimoja kilichogandamizwa mara nyingi.

Basi kinachobaki mikononi mwa waitikiaji ni nini? Kinabaki kile ambacho kasuku hana. Kila mwimbishaji anakijua kitisho hicho: ameanzisha wimbo, amefika mahali pa kupokelewa, ameacha nafasi, na nafasi imebaki tupu. Watu wapo, macho yapo, vinywa vimefungwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapo ndipo mwimbishaji hugundua kwamba wakati wote alipodhani anaongoza, alikuwa anakopeshwa. Anaweza kupandisha sauti, anaweza kukasirika, anaweza kuwaita wavivu. Au anaweza kufanya lililo gumu zaidi, akajiuliza kama wimbo aliouanzisha ni wao. Nadhani afya ya jamii yaweza kupimwa hapo. Makofi hayawezi kuipima, maana makofi yapo kila mahali, hata penye hofu. Tazama kama mtu anayenyamaza wengine wanapoitikia anarudi nyumbani salama, na kesho anakaribishwa tena kwenye wimbo.

Ndiyo maana ule msemo wa Athens unanikaa. Kuomba korasi. Najua kasoro zake: aliyeitoa alikuwa mtawala, waitikiaji wenyewe hawakuulizwa, na wanawake ambao vilio vyao viliigizwa hawakupewa hata nafasi ya kujililia. Lakini ndani ya kitenzi kile kuna adabu tuliyoipoteza. Mwenye jambo kubwa la kusema alianza kama mwombaji. Hakufika na kipaza sauti na umati wake wa kukodi. Alifika na kazi yake mkononi, akasimama mahali ambapo angeweza kuambiwa hapana. Wasukuma wamekwenda mbele zaidi ya Athens, kwa sababu kwao korasi haiombwi kwa mtawala, inaombwa kwa miguu ya watu, na upande wa pili wa uwanja ngoma nyingine inalia vilevile. Manju anayejua kwamba watu wake wanaweza kuvuka uwanja hutunga vizuri zaidi, husikiliza zaidi, na hawatukani wanaoondoka, maana atawahitaji msimu ujao. Wanaotaka kutuongoza, kwenye siasa, kwenye dini, kwenye fasihi hii tunayoiandika, hawana dai juu ya itikio letu kuliko alilonalo manju yule. Waombe, na sisi tujifunze upya kwamba kuombwa ni kuwa na haki ya kukataa.